Shahada peke yake haitoshi: njia za kuufikia uhasibu nchini Uganda

Kila Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB, linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, wazazi wa hapa Busia na wengine kutoka Malaba na Tororo hunijia na swali moja: mtoto wetu amefaulu, anataka kuwa mhasibu, tumpeleke chuo kikuu gani? Swali hilo ni la haki, na ninalijibu. Kabla ya kulijibu, hata hivyo, hujibu kwanza swali ambalo hawakuliuliza, kwa sababu ndilo linaloamua kama fedha zao zitazaa matunda. Huwaambia kwamba hakuna chuo kikuu chochote nchini Uganda, kiwe kikubwa namna gani, kinachompa mtu idhini ya kuwa mhasibu kamili wa umma. Chuo kikuu hutoa elimu na shahada. Idhini hutolewa na chombo kingine, kwa mitihani mingine, na kwa uzoefu wa kazi ambao hauuzwi darasani. Nimeona familia zilizouza ng'ombe, na nyingine zilizouza kipande cha shamba, ili kulipa karo ya miaka mitatu, halafu baada ya mahafali zikagundua kwamba kijana wao yuko katikati ya safari ilhali wao walidhani amefika. Uchungu wa familia hizo ndio unaonisukuma kuandika haya kwa kirefu.

Chombo ninachokizungumzia ni taasisi ya wahasibu wa umma walioidhinishwa, ambayo sisi sote tunaiita kwa kifupi ICPAU. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na sheria hiyo ikafuatiwa na Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2013, ambayo ndiyo inayotuongoza sasa. Makao yake yako Kololo, Kampala, kwenye barabara ya Bukoto, na ni mwanachama wa shirikisho la kimataifa la wahasibu, IFAC. Sheria imeipa kazi ya kutunga na kusimamia mitihani, kuandikisha wanachama, kusimamia nidhamu yao, na kutoa vyeti kwa wale wanaotaka kufungua ofisi zao wenyewe za ukaguzi na ushauri. Kuna ngazi mbili hapa ambazo watu huzichanganya. Mwanachama aliyefaulu mitihani na kuandikishwa ana haki ya kutumia jina la mhasibu wa umma aliyeidhinishwa, yaani CPA, na anaweza kuajiriwa popote kwa jina hilo. Lakini kutia sahihi ripoti ya ukaguzi wa hesabu za kampuni kama mkaguzi huru kunahitaji cheti cha pili, cha kuendesha shughuli ya uhasibu kwa umma, na cheti hicho hakipewi mtu ambaye hajafanya kazi chini ya mtu mwenye nacho. Kijana anayesema anataka "kuwa mhasibu" huenda anataka ngazi ya kwanza au ya pili, au huenda anataka tu kazi nzuri ya kutunza vitabu vya hesabu, ambayo nayo ni kazi ya heshima. Ni vyema ajue anataka ipi kabla karo ya kwanza haijalipwa.

Nianze na shule ya sekondari, ingawa sitakaa hapo sana. Mtaala mpya wa kidato cha kwanza hadi cha nne ulianza mwaka 2020, na watahiniwa wake wa kwanza walifanya mtihani wa kumaliza kidato cha nne, UCE, mwaka 2024. Humo mna somo la ujasiriamali, ambalo kwa wengi ndilo dirisha la kwanza la kuona faida, hasara na mtaji vikiandikwa kwenye karatasi. Kidato cha tano mwanafunzi huchagua mkondo, na kwa anayeelekea uhasibu mikondo inayozoeleka ni ile ya hisabati, uchumi na jiografia, au hisabati, uchumi na ujasiriamali. Wapo wanaokuja kupitia historia, uchumi na jiografia, na wanaendelea vizuri, hasa wakichukua hisabati kama somo dogo la ziada badala ya kompyuta. Hofu ya hisabati huwazuia vijana wengi bila sababu ya kutosha, kwa maana kazi ya kila siku ya mhasibu inahitaji kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawa na kukokotoa asilimia kwa umakini usiochoka. Hata hivyo sitamdanganya mtu: karatasi za mtihani za takwimu na za usimamizi wa fedha zinadai aljebra, na anayekimbia hesabu tangu kidato cha nne atalilipa deni hilo mbele ya safari. Jambo ambalo walimu hawalisemi vya kutosha ni umuhimu wa kuandika insha. Ripoti ya ukaguzi ni maandishi, barua kwa bodi ni maandishi, na nimefanya kazi na vijana waliokuwa wepesi sana wa tarakimu lakini wakashindwa kueleza kwa aya moja kwa nini fedha za stoo hazilingani na daftari.

Baada ya hapo njia zinaachana. Njia ya chuo kikuu ndiyo inayojulikana zaidi. Chuo Kikuu cha Makerere kina shahada ya biashara. Shule yake ya biashara iliyoko Nakawa, MUBS, ambayo ilitokana na kuunganishwa kwa kitivo cha biashara cha Makerere na chuo cha taifa cha biashara kilichokuwa hapo hapo Nakawa, ina shahada hiyo pamoja na shahada ya uhasibu. Kyambogo inafundisha uhasibu na fedha. Na vyuo vya madhehebu kama vile Uganda Martyrs kule Nkozi na Uganda Christian kule Mukono navyo vina programu zake. Kwa kawaida masomo huchukua miaka mitatu. Shahada ya uhasibu ina thamani ya kweli: inampa kijana msingi mpana wa uchumi, sheria na usimamizi, na akienda kwenye mitihani ya ICPAU anaweza kuomba msamaha wa baadhi ya karatasi alizokwisha kuzisoma, akaanzia mbele ya mwenzake. Waajiri wengi, serikali ikiwemo, huiweka shahada kama sharti la kwanza katika matangazo ya kazi za ofisa.

Lakini mzazi aingie njia hiyo akijua gharama zake. Nafasi nyingi za ufadhili wa serikali katika vyuo vikuu vya umma zimeelekezwa kwenye masomo ya sayansi, na mpango wa mikopo wa Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambao ulianza mwaka 2014, nao umeupa kipaumbele upande huo wa sayansi na teknolojia. Kwa hiyo mwanafunzi wa uhasibu, mara nyingi sana, ni mwanafunzi wa kujilipia. Chumba Nakawa au Kikoni, chakula, usafiri, nauli ya kurudi nyumbani, vyote vinakaa juu ya karo. Ninawaomba wazazi wapige hesabu ya miaka yote mitatu pamoja, wasipige ya muhula wa kwanza pekee, kwa sababu kijana anayekatizwa mwaka wa pili hurudi nyumbani bila shahada, bila stashahada, na bila uzoefu.

Njia ya pili ni vyuo vya biashara vya serikali, ambavyo viko Aduku, Kabale, Pakwach, Soroti na Tororo. Kwa sisi wa mashariki, Tororo na Soroti viko karibu, na gharama ya kuishi huko haifanani na ya Kampala. Mtu husoma stashahada kwa miaka miwili, hufanya mafunzo ya vitendo kazini, na akitaka baadaye huingia chuo kikuu kwa kutumia stashahada hiyo. Ninasikitika kuona njia hii ikidharauliwa. Watu huiona kama kimbilio la waliokosa alama, ilhali katika ofisi za wilaya, hospitali na viwanda utawakuta watu walioanzia huko na ambao leo wanaongoza idara za fedha.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa familia isiyo na fedha nyingi, nayo ni kuingia moja kwa moja kwenye mitihani ya taaluma bila kupita chuo kikuu kwanza. ICPAU ina stashahada ya mafundi wa uhasibu, ambayo kila mtu huiita ATD, iliyokusudiwa kuandaa watumishi wa ngazi ya kati: wale wanaoandika leja, wanaoandaa mishahara, wanaolinganisha daftari la benki na taarifa ya benki, na wanaoandaa rasimu ya taarifa za fedha kabla mkuu hajaziona. Aliyemaliza ATD anaruhusiwa kuendelea na masomo ya CPA. Maana yake ni kwamba kijana aliyemaliza kidato cha sita anaweza kuanza ngazi ya chini kabisa ya taaluma yenyewe, akapata kazi ya kumudu maisha mapema, na akalipia karatasi zinazofuata kutoka mfukoni mwake. Taasisi hutahini, haifundishi. Mtahiniwa huchagua kusoma katika chuo kinachoandaa watahiniwa, jioni au mwisho wa wiki, au kujisomea mwenyewe kwa kufuata muhtasari wa masomo na mitihani iliyopita. Kwa anayeishi mbali na Kampala kujisomea ni jambo gumu, na simshauri mtu alifanye peke yake. Hapa kwetu vijana wachache walijikusanya kwenye chumba cha parokia, wakagawana vitabu na kusahihishana majibu, na waliendelea vizuri kuliko wengine niliowajua waliokuwa wakilipia darasa huku wakihudhuria kwa nadra.

Masomo ya CPA yenyewe yanapanda hatua kwa hatua. Chini kuna misingi ya uhasibu wa fedha, sheria ya biashara, uchumi na mbinu za takwimu. Katikati kuna uhasibu wa gharama, kodi, ukaguzi na uandaaji wa taarifa za fedha kwa kufuata viwango vya kimataifa, IFRS. Juu kuna masuala ya kampuni zenye matawi na kampuni tanzu, usimamizi wa fedha wa kiwango cha juu, uongozi na maadili, na maswali marefu ambayo hayana jibu moja, yanayompa mtahiniwa habari za kampuni nzima na kumtaka ashauri. Wengi hukwama katika ngazi hiyo ya juu, na kwa maoni yangu hawakwami kwa kukosa akili. Hukwama kwa sababu walifika huko wakiwa wamekariri tu, hawajawahi kuiona ankara iliyopotea, deni lisilolipika, au mashine iliyoandikwa kwenye vitabu kwa bei kubwa ilhali imekaa nyuma ya ghala ikila kutu. Aliyekuwa kazini huliona swali la uchakavu wa mali na kuikumbuka mashine fulani. Aliyekuwa darasani tu huikumbuka kanuni, na kanuni hiyo humtoroka akiwa chumba cha mtihani.

Sisi tunaoishi mpakani tuna swali letu la ziada. Ukivuka mpaka wa Busia kwenda upande wa pili unakuta matangazo ya vyuo vinavyoandaa watahiniwa wa KASNEB, bodi ya mitihani ya Kenya iliyopo tangu mwaka 1969, na vijana wetu wengi wana shangazi au binamu kule wanaoweza kuwapokea. Wengine huvutiwa na mitihani ya ACCA, chama cha wahasibu cha Uingereza, yenye karatasi 13 na sharti la miezi 36 ya uzoefu wa kazi, kwa sababu inajulikana ulimwenguni kote. Taasisi za wahasibu za Afrika Mashariki zilitia sahihi mwaka 2011 makubaliano ya kutambuana, kwa hiyo mwanachama wa taasisi moja hafungiwi mlango wa nchi jirani, ingawa kila nchi huweka masharti yake. Ushauri wangu ni kwamba mtu afanye mitihani ya nchi anayotarajia kufanyia kazi miaka yake ya mwanzo. Viwango vya uhasibu vinafanana Nairobi, Kampala na London, lakini karatasi ya kodi na karatasi ya sheria hufuata nchi, na mwajiri wa Jinja anahitaji mtu anayeijua sheria ya kodi ya Uganda. Ada za ACCA nazo hulipwa kwa pauni, na shilingi yetu ikiyumba bajeti ya mtahiniwa huyumba pamoja nayo. Kwa anayelenga kampuni za kimataifa na mwenye mwajiri anayemlipia, ACCA ni chaguo zuri. Kwa kijana anayejilipia mwenyewe hapa Busia, ningeanza na ya nyumbani.

Sasa nizungumzie kazi, kwa sababu hapo ndipo mtu anapogeuka kuwa mhasibu. Mimi nilianzia katika ofisi ya wakala wa forodha pale Malaba, nikiwa bado nafanya mitihani. Malori yalikuwa yakipita usiku na mchana, na kila lori lilikuja na karatasi zake: tamko la bidhaa, ankara ya muuzaji, stakabadhi ya ushuru, malipo ya maegesho, posho ya dereva. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba kila shilingi iliyotoka ina karatasi yake na kila karatasi ina mteja wake. Hakuna aliyeiita kazi hiyo uhasibu, na mshahara ulikuwa mdogo na ulichelewa, lakini nilijifunza mambo mawili ambayo yamenibeba hadi leo: kutoandika chochote kisicho na ushahidi, na kuifunga siku kabla ya kulala. Nilipofika kwenye somo la ukaguzi, lile neno ushahidi lilikuwa na sura, harufu ya dizeli na muhuri wa bluu.

Kutoka hapo nilienda kwenye kampuni ya ukaguzi ya Kampala, na ningetamani kila kijana apite katika kazi ya ukaguzi japo kwa muda mfupi. Kampuni kubwa nne za kimataifa zote zina ofisi Kampala, na ushindani wa kuingia humo ni mkali, lakini ziko kampuni nyingi ndogo za wahasibu wa ndani ambazo huchukua wanafunzi. Katika kampuni ndogo mtu huguswa na kila kitu. Wiki moja yuko katika shule ya bweni akikagua karo, wiki nyingine yuko kiwandani akihesabu magunia ya sukari usiku wa tarehe 30 Juni, inayofuata yuko katika shirika lisilo la kiserikali akilinganisha matumizi na masharti ya mfadhili. Baada ya misimu kadhaa ya namna hiyo mtu anajua jinsi fedha zinavyoingia na kutoka katika aina nyingi za taasisi, na anaweza kuchagua aina inayomfaa.

Serikali nayo ni mwajiri mkubwa. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Maofisa wahasibu wa wizara na wilaya wana miezi miwili ya kuwasilisha hesabu zao. Na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ofisi yake imewekwa na Katiba ya mwaka 1995, hulipelekea Bunge ripoti yake kabla mwaka wa kalenda haujaisha. Kijana anayeingia idara ya fedha ya wilaya hujifunza mfumo wa kompyuta wa serikali wa kusimamia fedha, hujifunza kwamba fedha isiyotumika mwisho wa mwaka hurudi hazina, na hujifunza Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015. Kupanda cheo huko kunategemea sana sifa za kitaaluma, na nimewaona watumishi wenye shahada wakipitwa na wenzao waliokamilisha CPA. Kwenye sekta binafsi mdundo ni mwingine: tarehe 15 ya kila mwezi lazima kodi ya mishahara, kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18, na michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 5 ya mfanyakazi na 10 ya mwajiri, viwe vimewasilishwa na kulipwa. Mhasibu wa kampuni ya kawaida huishi kwa kuitazama tarehe hiyo, na anayeipuuza humtia mwajiri wake kwenye faini.

Wazazi wengine huniuliza kama kompyuta hazitamaliza kazi hii. Ni kweli kwamba mengi yamehama kutoka kwenye daftari. Mamlaka ya Mapato, URA, imeleta mfumo wa ankara na risiti za kielektroniki unaoitwa EFRIS, na mauzo ya mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani hufika kwenye kompyuta za mamlaka wakati huo huo risiti inapotolewa. Biashara za Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla wa Kampala, zilizokuwa zikitunza hesabu kwenye vikaratasi sasa zinalazimika kuwa na mtu anayeelewa. Ninachokiona mimi ni kwamba kazi ya kunakili tarakimu inapungua, na kazi ya kueleza tarakimu inaongezeka. Programu itajumlisha, lakini haitajua kwamba mteja fulani amefilisika, wala kwamba mkuu wa stoo ni shemeji wa msambazaji. Kwa hiyo kijana ajifunze jedwali la hesabu la kompyuta kwa kina tangu mapema, ajue angalau programu moja ya uhasibu inayotumika sokoni, na wakati huo huo asiache kujifunza debiti na krediti kwa kalamu, maana mfumo ukikosea ni yeye atakayetakiwa kusema umekosea wapi.

Jambo la maadili sitalipitia kwa haraka, kwa sababu nadhani ndilo linalowaangusha wengi waliokwisha kufika. Mitihani hufundisha misingi mitano: uadilifu, kutopendelea, uwezo na uangalifu wa kitaaluma, kutunza siri, na mwenendo unaostahili. Ofisini misingi hiyo huja ikiwa imevaa nguo za kawaida. Mkubwa amechukua masurufu ya safari ya Gulu, hakwenda, na analeta risiti za hoteli zilizojazwa kwa mwandiko mmoja, kisha anamwambia mhasibu kijana, mwanangu, malizia hesabu hizi, wakaguzi wanakuja Jumatatu. Kijana huyo anamheshimu mkubwa wake, anaihitaji kazi, na huenda mkubwa huyo ndiye aliyemwajiri. Niliwahi kusimama mahali hapo, katika ofisi ambayo sitaitaja. Nilikataa kuziingiza risiti hizo, nikaandika dokezo fupi la kueleza sababu, na kwa muda mrefu baadaye hakuna aliyenialika kwenye kikao chochote. Ninawaambia vijana mapema kwamba jambo hilo litawafika, na kwamba taasisi ina kamati ya nidhamu inayoweza kumfutia mtu uanachama alioupigania kwa miaka. Waandike kila agizo wanalolitilia shaka, wahifadhi nakala, na wawe na mwanataaluma mkubwa nje ya ofisi wa kumpigia simu usiku. Mwenye mtu wa kumwuliza huvumilia zaidi.

Nina neno pia kuhusu lugha, kwa sababu sisi wa mpakani tunabeba lugha kadhaa kwa siku moja. Mitihani yote ni ya Kiingereza, vitabu ni vya Kiingereza, na ripoti ni za Kiingereza. Lakini ukienda kwenye mkutano wa mwaka wa ushirika wa akiba na mikopo hapa Busia, wanachama ni wauza samaki, wabeba mizigo, waendesha bodaboda, askari wastaafu, mama wa soko la nguo, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Tangu serikali ilipoanza mpango wa maendeleo wa parokia (hapa ni eneo dogo la utawala, si la kanisa) mwaka 2022, unaopeleka shilingi milioni 100 kwa kila parokia kupitia vyama vya akiba na mikopo, mahitaji ya watu wanaoweza kutunza na kusoma hesabu hizo mbele ya wanachama yameongezeka vijijini kabisa. Mhasibu anayeweza kusimama mbele ya wanachama hao na kueleza mizania kwa Kiswahili kinachoeleweka, akaonyesha ni mikopo ipi inalipwa na ni ipi imekwama, anafanya kazi ambayo mwenzake wa Kampala hawezi kuja kuifanya. Vikundi vya akiba vyenye sanduku la kufuli tatu, ambavyo mama zetu wamekuwa wakiviendesha kwa miaka mingi, vina nidhamu ya fedha inayostahili kuheshimiwa, na kijana aliyesoma angeanza kwa kuketi nao na kuwaandikia daftari. Uzoefu huo si duni kuliko wa ofisi ya ghorofani, na kwenye usaili wa kazi unaweza kuuelezea kwa mifano ya kweli.

Kwa wale ambao tayari wameamua, hatua za kwanza ni rahisi kuliko wanavyodhani. Kabla ya kuandikishwa kwa mtihani wowote lazima mtu aandikishwe kwanza kama mwanafunzi wa taasisi, na hatua hizo mbili zina ada mbili tofauti na tarehe zake za mwisho, kwa hiyo anayengoja hadi wiki ya mwisho hukosa msimu mzima. Atayarishe nakala za vyeti vya UCE na UACE, yaani vya kidato cha nne na cha sita, na cheti cha stashahada au shahada kama anacho, pamoja na kitambulisho cha taifa, na ahakikishe majina yameandikwa kwa namna moja kwenye karatasi zote, kwa maana tofauti ya herufi moja kati ya cheti na kitambulisho imewachelewesha wengi niliowasaidia. Mwenye shahada au stashahada aombe msamaha wa karatasi kwa maandishi mwanzoni kabisa, akiambatisha orodha kamili ya masomo na alama zake, asije akalipia na kuufanya mtihani ambao angeweza kusamehewa. Kisha achague karatasi chache kwa msimu wa kwanza. Mbili zinamtosha mtu aliye kazini. Moja iwe ya uhasibu wa fedha, kwa sababu karibu karatasi zote zinazofuata zitasimama juu ya hiyo.

Kama uko Busia, Malaba au Tororo na unahitaji vitabu vya ngazi za mwanzo, kikundi chetu bado kinakutana pale parokiani Jumamosi alasiri, na vitabu tunavyovimaliza tunawaachia wanaoanza.